Kwa Miguu Hadi Ukingo wa Lyamba

Jumapili, 26 Juni 1994

Misa ya kwanza. Kufua. Kuchambua maharage. Likizo imeanza lakini mwili bado unaamka kama kuna zamu ya shule.

Yustina kaja mchana na furushi kwapani. Hakuketi kabla ya kulifungua. Ni ule mfuko uliotoka kwenye robota lake la mitumba mwaka jana. Mrefu, wa nailoni ya kijani, una zipu kutoka miguuni hadi shingoni. Wazungu wanalala humo wakiwa porini. Pale sokoni Majengo, hapa Sumbawanga, hakuna aliyeununua. Wateja walisema ni wa kubebea maiti. Umening'inia kwenye banda lake hadi umepauka upande mmoja.

"Felista, twende Lyamba," kasema. "Kwa miguu, kama zamani. Tulale nje."

Nikacheka. Yeye hakucheka.

Sisi wawili tulisoma shule ya bweni ya masista, huku juu kwenye baridi. Kwetu ni bondeni, karibu na Ziwa Rukwa. Siku hizo hapakuwa na gari la wanafunzi. Likizo ikifika tunajitwika vitu kichwani, tunaikata nyika yote ya Ufipa kwa miguu, wasichana wawili wenye miaka kumi na mitatu. Giza likitukuta mahali, hapo ndipo kwetu. Hatukumuomba mtu ruhusa. Siku ya mwisho tunafika Lyamba, ukingo ambapo nchi yote inakatika ghafla kama mkate, na huko chini kabisa liko ziwa. Tukiliona tunajua tumefika nyumbani.

Nimemwambia nitafikiria. Uongo. Nilikuwa nimeshakubali.

Jumatatu, 27 Juni

Baba Neema hataki. Yeye ni mtu wa Mbeya, kaletwa huku na serikali, na nyika hii isiyo na miti hajawahi kuipenda. Kauliza kwa nini tusipande lori la samaki kama watu wengine, tukashuka bondeni tumekaa. Kauliza watu watasemaje, mke wa afisa, mwalimu, analala majanini kama digidigi.

Nilisema tu kwamba tangu niolewe sijalala nje hata mara moja. Akatoka.

Nina hamu mpaka najionea aibu.

Jumatano, 29 Juni

Maandalizi. Unga wa ulezi, maharage yaliyochemshwa nusu, chumvi, sukari kidogo, dagaa wa Wampembe. Sufuria moja. Blanketi langu na mfuko wa Yustina. Nimenunua vyote Majengo kwenye duka moja, bila foleni, bila kumjua mtu. Miaka kumi iliyopita ningetafuta sukari wiki nzima na kurudi na maneno. Sasa kila kitu kipo, kimepangwa, kinakutazama. Kinachokosekana ni mshahara.

Usiku huu nimekuta viberiti viwili na tochi juu ya mzigo wangu. Baba Neema amelala, uso ukutani.

Alhamisi, 30 Juni

Lori hadi kijiji cha shule yetu. Tumeshuka tumejaa vumbi. Bweni limegeuzwa ghala la mahindi. Kengele haipo. Mnara wa kanisa ni uleule, ila nilidhani ni mrefu zaidi.

Utingo wa lori, kijana wa mjini, alituamkia vizuri, "Shikamooni mama zangu." Halafu kainama karibu: "Ni madini, siyo? Mtu akionekana anaingia huko na sufuria siku hizi, ni madini." Yustina kamwambia ndiyo, almasi. Kijana hakutuacha mpaka dereva alipopiga honi.

Tukashika njia. Imebaki kidogo tu, mstari katika majani, wa ng'ombe zaidi kuliko watu. Lakini miguu iliijua. Upepo uleule. Vilima vimelala mmoja nyuma ya mwingine, rangi ya simba, hakuna mti, hakuna uzio, anga tupu. Nilikuwa nimesahau kwamba mtu anaweza kuona mbali hivi. Mjini jicho linagonga ukuta kila mahali.

Tumelala kwenye lile tanuru la kale. Malungu, kwa Kifipa, walimoyeyushia chuma mababu. Ukuta wa udongo umebomoka upande mmoja, lakini bado unakinga upepo. Zamani tulikuwa tunaingia ndani yake, tunakaa mgongo kwa mgongo. Sasa hatutoshi. Tumecheka hadi tukakohoa.

Ugali wa ulezi, dagaa. Baridi ya kuvunja meno. Yustina kajifunga zipu hadi kidevuni. Anasema Wazungu wana akili. Naandika kwa mwanga wa makaa, vidole haviandiki vizuri. Nina furaha. Naiandika hivyo hivyo ili nisije kuikana baadaye.

Ijumaa, 1 Julai

Leo nimejua.

Asubuhi Yustina kaanguka kwenye tuta. Nikadhani ni usingizi. Tukavuka shamba lililovunwa, lenye ntumba zetu za Kifipa, vile vichuguu vya udongo na majani vilivyopangwa kama mikate. Akaanguka tena. Na tena. Kila mara anatazama mbele, kimya, kama mtu aliyesukumwa na asiyetaka ugomvi. Kwenye kijito nikavuka juu ya mawe, nikageuka. Yeye alikuwa anayatafuta mawe kwa mguu.

Nikarudi, nikamshika mkono. Nikauliza.

Ni presha ya macho. Anayo zaidi ya miaka miwili. Alikwenda kwa daktari Mbeya mwezi wa nne, aliniambia amefuata mali. Daktari kasema sehemu iliyokufa hairudi, na iliyobaki inakwenda. Anaona katikati tu. Pembeni hakuna kitu, wala si giza, anasema, ni kama hapakuwahi kuwa na kitu. Banda la Majengo ameshaliuza. Anahamia Mbeya kwa binti yake kabla ya mwezi kwisha.

"Nataka kuliona ziwa," kasema. "Kutokea pale juu. Basi."

Nilikasirika. Nilikasirika vibaya. Kwamba hakuniambia, kwamba ninamwona kila Jumapili na sikugundua, kwamba mimi nilifunga safari kwa furaha kama mtoto na yeye alikuwa anakuja kuaga. Nilitembea mbele. Kisha nikakumbuka kwamba nikitangulia haoni ninakokanyaga. Nikarudi nyuma nikampa ncha ya kanga yangu aishike.

Hivyo ndivyo tulivyotembea mchana kutwa. Yeye na ncha moja, mimi na nyingine.

Jumamosi, 2 Julai

Tumefika ukingoni mapema, jua bado halijawa kali.

Hakuna ziwa.

Ukingo upo. Mawe yapo, majabali yaleyale tuliyokuwa tukikaa. Lakini bonde lote limejaa ukungu wa vumbi na moshi, mweupe, kama maji ya kuoshea mchele. Watu wanachoma mashamba huko chini. Huoni hata miguu ya mlima.

Yustina kasimama anageuza kichwa taratibu, kushoto, kulia. Akaniuliza, "Ni macho yangu au?"

Nikamwambia ni ukungu. Hakuniamini. Nikaapa. Akaketi.

Tutangoja kesho. Kuna maji karibu, chemchemi ndogo kwenye mpasuko wa mwamba, ndege wanatuonyesha. Chakula kipo. Nimetafuta mahali pazuri nyuma ya jabali, nimekata majani ya kulalia. Nimejikuta nakumbuka kila kitu, namna ya kuyapanga majani, mashina chini, vichwa juu. Mikono haisahau.

Jumapili, 3 Julai

Ukungu.

Misa imetupita. Tumesali rozari wenyewe, tumekaa juu ya jabali, tunautazama weupe.

Siku nzima tumezungumza habari za zamani. Sista aliyekuwa akitembea na fimbo na hakuwahi kumpiga mtu nayo. Uji wa bwenini. Ile mvua ya mawe iliyotukuta njiani tukajifunika masanduku yetu ya mbao. Mama yake Yustina, ambaye kila likizo alikuwa anatungoja chini na kambale wa kukaushwa na hasemi neno, anatazama tu kama miguu yetu ni mizima. Mama huyo alikufa wakati Yustina ana mimba ya kwanza. Nyumba imekwisha, ndugu wametawanyika. Hakuna kitu cha kwenda kuona huko bondeni. Ni huku juu tu, anasema, ndiko mama yake alikuwa bado yuko hai kila alipofika.

Jioni tumegombana. Mimi nilisema turudi, unga unakwisha. Akasema nirudi peke yangu. Nikamwambia asiseme upuuzi. Akasema nimeanza kumsemesha kama mtoto tangu juzi, na akitaka mtu wa kumsemesha hivyo atampata Mbeya bure. Amelala bila kula.

Ana haki. Nimeanza.

Jumatatu, 4 Julai

Tuko hai. Naandika hivyo kwanza.

Asubuhi ukungu bado. Mchana upepo ukawa mkali, unatoka upande wa kusini. Nilikwenda chemchemi kuchota maji. Niliponyanyua kichwa nikaona moshi, si ule mweupe wa bondeni, mweusi, mnene, huku huku juu, nyuma ya kilima cha pili. Mtu kachoma majani, au mrina asali, sijui. Na majani haya ya mwezi wa saba ni kama karatasi.

Nikasimama kuangalia. Moto ulitokea juu ya kilima, mstari mzima, na ukashuka kama watu wanaoteremka kutoka mnadani. Ndege walikuwa mbele yake. Nilikimbia. Maji mengi yakamwagika.

Yustina alikuwa amesimama tayari. Alikuwa amesikia mlio. Akauliza uko wapi. Nikamwambia nyuma ya kilima, unakuja kwetu. Nilitaka tushuke ukingoni, kwenye mawe. Lakini pale ni mwinuko wa kuvunja shingo, yeye haoni kando ya mguu wake, na chini ya mawe yale yale kuna majani makavu hadi bondeni. Nikasimama nimemshika mkono na sikujua nifanye nini.

"Choma," akasema.

Sikuelewa.

"Choma mbele yetu. Upande upepo unakokwenda. Tuingie palipoungua."

Kila mtoto wa Ufipa anajua hilo. Nilikuwa nimelijua maisha yangu yote na lilikuwa limetoka kichwani. Nikatoa kiberiti. Njiti ya kwanza ikazimwa na upepo, ya pili pia. Akanizungushia kanga yake kama ukuta na ya tatu ikashika. Majani yakalipuka mbele yetu, moto wetu ukakimbia kwenda kaskazini ukiacha weusi. Tulingoja kidogo, kidogo sana, moto mkubwa ulikuwa unatuunguza mgongo. Tukaingia. Chini palikuwa pa moto, viatu vilinuka. Tukachuchumaa, tukajifunika blanketi nililokuwa nimelilowesha kwa maji yaliyobaki ndani ya sufuria.

Ukapita pande zote mbili. Ulikuwa na mlio wa lori linalopanda mlima. Yustina alikuwa ananishika shingo na anasali kwa Kifipa, ile sala ya mama yake ya kulala. Nilimfuata maneno.

Kisha kimya. Majivu yanaanguka polepole.

Tulipofunua blanketi dunia yote ilikuwa nyeusi, na sisi vilevile. Nyusi zangu hazipo. Mfuko wa kijani tuliuacha nyuma ya jabali, tumeukuta umekuwa kama ugali uliomwagika, na zipu peke yake.

Nikamweleza ulivyo.

"Wateja walikuwa sahihi," akasema. "Ila umejizika wenyewe."

Tulicheka hadi nikalia. Nililia sana. Yeye ndiye aliyenibembeleza.

Tumekusanya tulichonacho. Unga umepona kwenye mwanya wa mwamba. Blanketi moja kwa watu wawili. Tumekaa mgongo kwa mgongo.

Jumanne, 5 Julai

Upepo haukulala. Kulipokucha nilifumbua macho nikaliona.

Bonde lote. Safi, limefagiwa. Vijiji, njia, mito iliyokauka inayong'aa kama mikwaruzo, na huko mwisho ziwa, limelala refu hadi halina mwisho.

Nikamwamsha. Nikamshika mabega, nikamwelekeza.

Alichukua muda. Macho yake yanaona kama mtu anayechungulia kwenye tundu la ufunguo, kwa hiyo hakuliona ziwa. Aliona kipande. Akasogeza kichwa, akaona kingine. Alilipita lote hivyo, kuanzia kusini, taratibu, kama mtu anayepapasa kitambaa kutafuta tundu kabla ya kununua. Jua lilikuwa limepanda alipomaliza. Mimi sikuthubutu kukohoa.

"Kumbe ni la kahawia," akasema.

Nikamwambia labda ni msimu, labda zamani lilikuwa la buluu kweli.

"Usinidanganye, Felista. Lilikuwa la kahawia. Sisi ndio tulikuwa wadogo."

Hakulia. Alikuwa na uso wa mtu aliyekula akashiba. Akalitazama tena, kipande cha katikati tu, pale ambapo kijiji chetu kilikuwa. Akasema anakichukua hicho.

Tukashuka. Njia ya zamani, kwa makalio sehemu nyingine. Nilimwambia kila jiwe na aliniamini kila jiwe. Mahali palipokuwa msitu wa miombo siku zetu, ambapo tulikimbia kwa kuogopa nyati, sasa ni uwanja, mahindi na ng'ombe, ng'ombe, ng'ombe. Wasukuma wamehamia. Kwenye boma la kwanza mama mmoja alitoka, akatuona weusi hivyo, akashika kifua. Nilimwambia mwangaluka, salamu pekee ninayoijua ya kwao. Akacheka, akatuita ndani ya uzio, akatunawisha kama watoto na kutupa maziwa ya mgando kwenye kibuyu. Anaitwa Mama Masanja. Wamekuja na mifugo kutoka Shinyanga, walitembea miezi mingi, wakilala popote.

"Nje kuzuri," alisema. "Mie ndani ya nyumba sipati usingizi vizuri mpaka leo."

Yustina akamwambia, "Dada yangu, wewe tunaelewana."

Nilikuwa nimekuja tayari kuwachukia kwa ajili ya ile miti. Sikuweza. Maziwa yalikuwa mazuri mno.

Jumatano, 6 Julai

Lori la samaki, tumekaa juu ya matenga. Sumbawanga saa ya jua kuzama. Baba Neema alikuwa barabarani, sijui kwa siku ngapi amekuwa akisimama pale. Alitazama mahali nyusi zangu zilipokuwa. Hakusema, "Nilikuambia." Nilimnong'oneza habari ya macho, akamshika Yustina mkono mpaka kwake, na kumwonya kila shimo.

Jumamosi, 16 Julai

Yustina ameondoka.

Basi la Mbeya la asubuhi. Mizigo mitatu tu, na kuku wa binti yake. Kituo kimejaa makondakta wanaonyang'anyana abiria, kila kampuni inasema yake inaondoka sasa hivi. Nilimtafutia kiti cha dirishani. Kasema dirisha ni la mtu wa kulitumia, akampisha msichana mwenye mtoto.

Hatukuagana sana. Alinigusa uso mara moja, paji, pale nyusi zinapoanza kuota, akasema zinachoma kama ndevu. Basi likaenda.

Sikutaka kwenda nyumbani moja kwa moja. Nikazunguka kwa nyuma ya mji, nikapita mashambani, nikapanda kidogo hadi mahali unapoiona nyika inaanza. Nilikaa hapo. Upepo ulikuwa mdogo. Sikufikiria kitu chochote.

Nimerudi mchana. Baba Neema alikuwa anasikiliza taarifa ya habari. Nikaweka maji jikoni, nikaketi kwenye kigoda, nikavua viatu. Baada ya muda akauliza, huko juu usiku, mtu alale na blanketi ngapi. Nikamwambia mbili, na bado hazitoshi. Akauliza kama mtu asiyezaliwa huku anaweza kuistahimili ile baridi.

Nikamwambia inategemea amelala na nani.

Akaizima redio. Nikaanza kumsimulia, tangu shuleni.